Yai zima au yai la boksi? Maswali niliyoulizwa Buzuruga

Nilikwenda Buzuruga, hapa Mwanza, kuzungumza na kikundi cha akina mama kuhusu chumvi na presha. Mama mmoja akauliza kuhusu mayai, na kuanzia hapo hatukutoka tena kwenye mayai. Nimeyaandika maswali yao kama yalivyoulizwa, pamoja na majibu niliyowapa.

Nesi, mwanangu yuko Marekani. Ananiambia niache mayai ya kawaida kwa sababu ya presha, nitafute yale ya maji yanayouzwa kwenye boksi. Ni kitu gani hicho?

Mama, viko vya aina mbili, na watu huvichanganya.

Aina ya kwanza ni yai kweli, ila limeondolewa kiini. Kinachobaki ni ute mtupu. Kwa kuwa ute hauna rangi, kiwanda huongeza rangi ya njano, gundi za chakula ili usiwe mwepesi mno, kisha baadhi ya vitamini zilizokuwa ndani ya kiini kilichotolewa.

Aina ya pili haina yai hata tone. Mojawapo inayojulikana sana Marekani hutengenezwa kwa protini ya choroko. Ndiyo, choroko hizi hizi tunazolima kanda ya ziwa. Hukamuliwa protini yake, ikachanganywa na mafuta, chumvi na viungo vingine mpaka ikaangike kama yai. Sasa wewe mwenye presha, tazama hapo kwenye chumvi: mchanganyiko wa namna hiyo mara nyingi una chumvi nyingi kuliko yai lenyewe. Ukitaka faida ya choroko, chemsha choroko. Utapata na nyuzinyuzi zake, ambazo kiwandani huachwa nyuma.

Kwani kiini kina ubaya gani mpaka kitolewe?

Lehemu, ambayo wengine huiita kolestro. Yai moja la kuku wa kisasa lina karibu miligramu 190, na yote imo kwenye kiini. Mwaka 1913 mwanasayansi wa Urusi, Nikolai Anitschkow, aliwalisha sungura lehemu na mishipa yao ya damu ikaharibika. Lakini sungura ni mla majani. Mwili wake haukuumbwa kupokea lehemu ya chakula. Mwaka 1968 chama cha moyo cha Marekani kikashauri watu wasizidishe viini 3 kwa wiki, na hofu ikaenea duniani. Mayai ya boksi yalizaliwa katika hofu hiyo.

Baadaye ikaeleweka vizuri zaidi kwamba sehemu kubwa ya lehemu iliyomo kwenye damu hutengenezwa na ini letu wenyewe, na kwa watu wengi ini hupunguza kazi pale chakula kinapoleta lehemu zaidi. Kinachopandisha lehemu mbaya, ile inayoziba mishipa ya damu, kwa nguvu zaidi ni mafuta yanayoganda: siagi, samli, mafuta ya nyama, mawese. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 2015 uliondoa kile kikomo cha miligramu 300 za lehemu kwa siku. Chama kile kile cha moyo sasa kinasema mtu mwenye afya anaweza kula yai zima 1 kila siku.

Na kiini hakina lehemu peke yake. Yai lina protini karibu gramu 6, na zaidi kidogo ya nusu iko kwenye ute. Lakini vitamini A na D, madini ya chuma, sehemu kubwa ya vitamini B12, rangi zinazolinda macho, na kolini inayojenga ubongo wa mtoto tumboni, hivyo utavikuta kwenye kiini. Naumia nikimwona mtu mwenye afya yake anamwaga kiini kwenye sinki na kula ute.

Basi sisi wenye kisukari tule tu?

Hapana, hapo twende taratibu. Tafiti kuhusu wenye kisukari hazijakubaliana. Ukiwa na kisukari, ukiwa umepimwa lehemu ikaonekana iko juu, au kama kwenu watu hupata shambulio la moyo wakiwa vijana, ongea na daktari wa kliniki yako kuhusu idadi ya viini kwa wiki. Huyo anaweza kufaidika na ute, lakini hahitaji boksi: apasue mayai mawili, atumie ute wa yote na kiini kimoja, kingine ampe mtoto.

Angalizo kubwa: mwenye mzio wa mayai asidanganyike na boksi la ute. Ute ndio unaosumbua wengi wao.

Na chipsi mayai?

Hili ndilo swali nililolingojea. Mayai mawili yana kalori kama 140. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Sasa simama pembeni ya kikaango cha chipsi jioni uhesabu vijiko: viazi vimezama kwenye mafuta, vikatolewa, vikawekwa kwenye kikaango kingine, yakamiminwa mafuta mengine, ndipo likaja yai. Mafuta yenyewe yamechemka tangu mchana mpaka yamekuwa meusi, na kama ni ya mawese, karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda. Juu yake chumvi. Halafu mtu anapanda presha, tunalaumu yai!

Yule kijana wa stendi ya Nyegezi mwenye mayai ya kuchemsha na kachumbari anauza kitu bora zaidi. Mwambie tu apunguze chumvi.

Ya kienyeji si ndiyo yenye nguvu?

Rangi ya kiini hutokana na alichokula kuku. Majani na mahindi ya njano hukifanya kikolee. Kwa protini hayapishani sana. Wafugaji wetu huchanganya dagaa kwenye chakula cha kuku, na wakizidisha, yai hunuka samaki, halijaharibika.

Vijana wa mazoezi wanakunywa mabichi.

Waache. Yai bichi linaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na protini yake mwili huifaidi kidogo kuliko ya yai lililopikwa. Hapa boksi lina sifa yake: yaliyomo hupashwa moto kiwandani kuua vijidudu. Lakini linataka friji muda wote, na umeme ukikatika limeharibika. Yai kwenye ganda hukaa siku kadhaa kabatini bila shida, ilimradi usilioshe kabla ya kulihifadhi.

Bibi ananikataza mayai kwa sababu ni mjamzito. Anasema mtoto atazaliwa bila nywele.

Mheshimu bibi, ila kula yai, liwe limeiva mpaka kiini kigande. Mtoto akizaliwa na kufikisha miezi 6, mpondee yai lililoiva kwenye uji wake. Anza na kidogo, umtazame ngozi na pumzi. Na siku hiyo ya kwanza mwite bibi aje amlishe yeye mwenyewe.