Kioo cha Taa Hakina Macho

Juzi mteja kanipigia simu. Fundi, taa za gari langu zimeacha kuona. Zimeacha kuona nini? Magari, fundi, zamani gari likija mbele kioo cha taa kinajitia giza upande ule, sasa hivi kila ninayepishana naye ananipigia full, kwa hiyo hivyo vioo vimechoka, nitafutie taa mpya pea nzima. Nikamuuliza, karibuni hapa umefanya nini kwenye gari? Akanyamaza kidogo, akasema hakuna cha maana, kioo kikubwa cha mbele tu, kilipigwa jiwe kikabadilishwa wiki tatu zilizopita.

Basi nilishajua ugonjwa kabla hata gari sijaliona.

Nafanya umeme wa magari, na simu ya aina hii nimeipokea mara nyingi mno, maneno yale yale, na wengine wananipigia wakiwa wameshanunua taa kabisa. Kwa hiyo leo naandika hapa yote yasiyo kweli wanayoyasema watu kuhusu hizi taa zinazokwepa magari, yaani zinazotia giza pale tu lilipo gari lingine, na nitakaa sana kwenye hili la kwanza manake ndilo linalokula hela za watu bure.

Wanasema: kioo cha taa kinaona gari linalokuja na kujitia giza chenyewe

Hapana. Kioo hakioni kitu. Hakina macho, hakina akili, kipofu kabisa.

Najua hii inatoka wapi. Watu wamezoea ile miwani ambayo ukitoka juani inakuwa nyeusi na ukiingia ndani inarudi nyeupe, basi wanadhani kwenye taa kuna kitu kama hicho. Miwani ile inafanya kazi kwa kemikali inayochokozwa na mionzi ya jua, ile ya urujuanimno, na taa za LED za gari karibu hazina mionzi hiyo. Halafu hebu fikiria jambo moja dogo tu: kama kioo cha taa kingekuwa kinajitia giza kikipigwa na mwanga, mwanga gani ungekipiga wa kwanza? Si wa taa yake yenyewe, ambao uko nyuma yake hapo sentimita chache na ni mkali kuliko wa gari lolote lililoko mbali? Ungewasha taa, kioo kinajifunga, safari imeishia hapo.

Kinachoona ni kamera. Iko nyuma ya kioo kikubwa cha mbele, juu, pale karibu na kioo cha ndani cha kutazamia nyuma. Inatafuta vidoa vya mwanga, vyeupe ni gari linakuja, vyekundu ni gari lililokutangulia, kisha kompyuta inapiga hesabu ya pembe: kidoa hiki kiko digrii ngapi kushoto au kulia kwangu, juu au chini. Hesabu hiyo inatumwa kwenye taa, na taa inaambiwa funga kuanzia digrii hii mpaka hii. Inafunga. Ikiambiwa vibaya, inafunga vibaya vile vile, tena kwa utiifu wote.

Ukichukua ile taa ya LCD, yaani yenye kioo cha umeme kama cha skrini ya kalkuleta, utaona hili vizuri zaidi. Ndani kuna tabaka jembamba la fuwele za kimiminika, unene wake mikroni chache tu, unywele wa kichwani ni mnene kuliko hilo tabaka mara nyingi. Limebanwa katikati ya vichujio viwili vya polaraizi, vile vinavyopitisha tu mwanga uliolala upande mmoja. Bila umeme, molekuli zimejipanga kama ngazi ya mzunguko, mwanga ukipita unazungushwa nao, unafika kwenye kichujio cha pili ukiwa umelala upande unaotakiwa, unapita. Weka volti chache kwenye pikseli moja, yaani kinukta kimoja cha kioo hicho, molekuli za hapo zinasimama wima, mwanga hauzungushwi tena, kichujio cha pili kinaukataa, na barabarani pale panakuwa giza. Toa volti, mwanga unarudi. Basi, hiyo ndiyo kazi yake yote. Kitu kinachotii volti hakiwezi kujua kama mbele kuna lori au hakuna kitu.

Sasa kwa nini kubadilisha kioo cha mbele kuharibu taa? Chukua kalkuleta. Gari la upana wa mita 1.8 likiwa mita 100 mbele yako linachukua kama digrii 1 tu ya macho yako. Digrii moja! Kamera ikirudishwa kwenye kioo kipya ikiwa imepinda digrii moja, na hiyo hata kwa jicho huioni, basi kile kiboksi cha giza kinahama upana wa gari zima. Kinaenda kufunika majani pembeni ya barabara, na dereva wa mbele anapokea full yako yote machoni. Taa ni nzima, kioo chake ni kizima, kila kitu kinafanya kazi, ila kinafanya mahali pasipo.

Na muda wenyewe haupo. Wewe 80, yeye 80, mnasogeleana kwa kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 hivi kila sekunde, hizo mita 100 zinaisha kwa sekunde mbili na kidogo. Dereva aliyepigwa full machoni kwa sekunde mbili hizo anakuja kwako akiwa haoni.

Gari la yule mteja nililiweka kwenye mashine, likatoa msimbo wa hitilafu kwamba kamera haijafanyiwa kalibresheni, yaani haijapangwa upya ielekee sawasawa, wazi kabisa. Tukaweka ubao wa alama mbele kwa kipimo cha futi na leza, upepo wa matairi sawa, buti tupu, sakafu iliyonyooka, tukafanya kalibresheni, usiku tukatoka naye kujaribu. Gari la kwanza lilipotokea mbele, giza likalishika pale pale na likaenda nalo mpaka tunapishana, pembeni kote full imewaka. Mteja alikuwa ameshaagiza taa moja na kuilipia.

Kwa hiyo nawaomba, tena naomba sana: ukibadilisha kioo cha mbele, kalibresheni ya kamera siyo nyongeza ya hiari, ni sehemu ya kazi hiyo, muulize fundi wa vioo kabla hujampa gari. Ukigongwa mbele hata kidogo, kalibresheni. Ukibadilisha springi au kuinua gari, hivyo hivyo. Na ile sehemu ya kioo iliyo mbele ya kamera iache jamani, stika zinabandikwa hapo, tinti inashushwa hadi hapo, nimeshakuta hata kishikio cha simu kimeegeshwa hapo hapo. Futa kwa kitambaa safi kila unapojaza mafuta, ni sekunde kumi tu.

Wanasema: nikibandika filamu ya umeme juu ya taa napata kitu hicho hicho

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza na inanikera karibu sawa. Kuna filamu zinauzwa, zile za madirisha ya ofisi, ukiwasha swichi zinakuwa angavu, ukizima zinakuwa kama maziwa. Ndani ya plastiki yake kuna vitone vidogo vidogo vya fuwele za kimiminika. Mtu anazikata anazibandika juu ya kava la taa, anavuta waya mpaka ndani, anasema nikikutana na gari nazima filamu.

Tatizo ni kwamba ile hali ya maziwa haiondoi mwanga, inautawanya. Mwanga mwingi bado unatoka mbele, lakini sasa unakwenda kila upande, juu, kushoto, machoni kwa mwenzio. Nilimwambia mmoja aegeshe mbele ya ukuta awashe dim. Bila filamu ukutani ulionekana mstari safi, chini mwanga juu giza, na upande mmoja mstari umepanda kidogo kama inavyotakiwa. Tukazima filamu, mstari ukapotea, ukuta mzima likawa wingu moja jeupe mpaka darini. Mstari ule ndio unaolinda macho ya watu, na yeye kaufuta kwa hela yake. Tena filamu hizo zinataka umeme wa AC wa volti makumi, kwa hiyo anaongeza na kibadilishaji umeme pale kwenye joto na maji ya bodi la mbele. Toa hiyo kitu leo.

Wanasema: ni teknolojia ile ile ya kioo cha ndani kinachojitia giza

Siyo. Kile cha ndani ni cha elektrokromiki, rangi inabadilika kwa kemikali kuhamisha chaji, na inachukua sekunde kadhaa. Kwa kioo cha kutazamia nyuma haina shida. Kwa taa, sekunde tano kwa ule mwendo wa kusogeleana kilomita 160 kwa saa ni zaidi ya mita 200, gari limeshapita zamani. Fuwele za kimiminika zinajibu kwa milisekunde, ndiyo maana zikachaguliwa. Ila baridi kali inazifanya nzito, na zikipata joto kupita kiwango chake zinapoteza mpangilio kabisa hazitii volti tena, kwa hiyo mtengenezaji lazima ahangaike na joto pande zote mbili.

Wanasema: taa yangu inakwepa magari kwa hiyo ina LCD

Karibu hakika haina. Taa nyingi zinazokwepa ni za matriksi ya LED, vipande vinazimwa na kuwashwa kimoja kimoja. Audi A8 ya 2013 ilikuja na LED 25 za full kila upande, na hakuna kioo cha umeme hapo, ni kuzima na kuwasha. Mercedes kwenye Digital Light wakaenda njia ya vioo vidogo sana vinavyogeuka, zaidi ya milioni moja kwa kila taa. Ile ya kupitisha mwanga kwenye LCD, Hella, watengenezaji wa taa, na wenzao wa Ujerumani, Porsche wakiwemo, waliijenga kama mfano wa majaribio, LED 25 nyuma na pikseli kama 30,000 mbele yake. Kwa hiyo kabla hujamwambia muuza spea nataka kioo cha LCD, soma kwanza namba ya taa yako.

Na wazo lenyewe si geni. Edwin Land, yule wa Polaroid, alipoanza kutengeneza vichujio vya polaraizi miaka ya 1920 moja ya mambo aliyoyawaza ni haya haya ya mwanga wa taa kuwapiga madereva machoni: kichujio kwenye taa, kingine mbele ya dereva. Halikukubalika, manake lingefaa tu kama kila gari barabarani lingekuwa navyo.

Wanasema: taa inayokwepa inapunguza mwanga tu, ni dim ya otomatiki

Hapana, ile inayorudisha dim nzima ni mfumo mwingine wa zamani zaidi. Hii inakata kipande tu, kwingine kote full inabaki. Faida yake yote iko hapo, unaendelea kumuona mtembea kwa miguu pembeni wakati mwenzio wa mbele hasumbuki.

Wanasema: LCD inaokoa umeme

Matriksi ndiyo inaokoa, manake LED iliyozimwa haili kitu. LCD haizimi, inazuia. LED nyuma inaendelea kuwaka, mwanga uliozuiwa unageuka joto mle mle ndani ya taa. Na kichujio cha kwanza cha polaraizi peke yake kinapoteza kama nusu ya mwanga usipowekewa njia ya kuirudisha hiyo nusu. Anayeisifu LCD aisifu kwa umakini wa mchoro wake, siyo kwa umeme.

Wanasema: Marekani waliikataza taa inayokwepa kwa sababu ni hatari

Waliichelewesha. Sheria yao ya taa, FMVSS 108, iliandikwa ikijua dim na full tu kama vitu viwili tofauti, taa ya aina hii haikuwa na mahali pa kukaa. Februari 2022 NHTSA, wakala wao wa usalama barabarani, wakaibadilisha, ikaruhusiwa.

Wanasema: sasa swichi ya full sina haja ya kuigusa tena

Hapa ndipo naogopa kweli. Kamera inatafuta taa, siyo watu. Baiskeli isiyo na taa haimo kwenye hesabu yake. Gari linalopanda kilima upande wa pili, wewe umeshaona mwanga wake angani unajua linakuja, kamera inasubiri mpaka taa zenyewe zitokeze. Na barabara yenye ukuta katikati ndiyo mbaya zaidi, lori likija upande wa pili taa zake zinafichwa na ukuta lakini dereva amekaa juu, macho yake yako wazi kabisa, kamera haijaona kitu na wewe unampiga full uso mzima. Kwenye ukungu, mvua kubwa, au kioo kichafu ni hivyo hivyo. Ukiona kichwa cha lori kinatembea juu ya ukuta, rudisha dim kwa mkono wako, usiisubiri kamera.