Kijana akikaa barazani si lazima awe mvivu

Wengi Unguja na Pemba huamini kuwa uchumi ukidorora, kijana asiye na mke wala watoto haguswi. Akionekana barazani kutwa, basi ni mvivu. Ninavyoona, dhana hii inawaumiza vijana wetu.

Vijana mara nyingi ndio wa mwanzo kupunguzwa kazini, na kukosa kazi huandamana na wasiwasi, usingizi wa mang'amung'amu, hata sonona. Anayeanza kazi wakati wa mdororo huweza kulipwa kidogo kwa miaka kadhaa.

Ukitaka kuhakikisha, kumbuka Nungwi na Paje mwaka 2020, watalii walipokatika: waliokaa bure ni wale wale waliokuwa wakidamka kwenda hotelini. Muulize kijana, kwa upole, usingizi ulianza kumpotea lini, kabla kazi haijasimama au baada? Waulize kadhaa, maana mmoja hatoshi kuwa ushahidi.