Tokeni za duka la kampuni ya mbao: maana yake na jinsi zinavyosomwa

Tokeni ya duka la kampuni ni kipande cha shaba ya manjano, alumini au nikeli, chenye umbo la sarafu, ambacho mwajiri alimpa mfanyakazi ili akanunulie vitu katika duka la mwajiri huyohuyo. Anayenunua tokeni za umeme ameshaielewa nusu ya habari: ni thamani iliyofungwa kwa muuzaji mmoja, na kwa jirani haina kazi. Nusu ya pili ni kwamba muuzaji huyu ndiye pia aliyekuwa akilipa mshahara, akikodisha nyumba, na mara nyingi akimlipa daktari wa kijiji.

Zilitumika sana Marekani tangu mwishoni mwa karne ya 19. Migodi ya makaa ya mawe ndiyo iliyotoa nyingi zaidi, lakini hapa tunazungumzia viwanda vya mbao, hasa vya misitu ya misonobari ya Louisiana, Texas, Arkansas na Mississippi. Kampuni ilijenga kiwanda katikati ya msitu, ikavuta reli ya kubebea magogo, kisha ikazungusha nyumba za wafanyakazi na duka moja. Mji wa karibu ulikuwa mbali, na fedha taslimu zilionekana siku ya mshahara tu, ambayo mara nyingi ilikuwa moja kwa mwezi.

Wengi hudhani kwamba mpasua mbao alifanya kazi mwezi mzima kisha akakabidhiwa mfuko wa tokeni. Yalitokea pia, ila utaratibu wa kawaida ulikuwa na ujanja zaidi. Tokeni ilikuwa mkopo juu ya mshahara ambao mtu alikwisha kuufanyia kazi lakini hajalipwa. Unga umekwisha tarehe 10? Anakwenda ofisini, karani anatazama siku alizofanya kazi, anampa tokeni za dola 2, anaandika kwenye daftari. Siku ya mshahara deni linakatwa, pamoja na kodi ya nyumba. Aliyetaka fedha halisi kabla ya siku hiyo alikatwa sehemu ya thamani, na wenye maduka ya nje waliokubali kupokea tokeni walizipokea kwa bei ya chini. Kwa hiyo kilichomfunga mfanyakazi kilikuwa ule muda mrefu kati ya mshahara na mshahara, kuliko hata hicho kipande cha shaba.

Maandishi yaliyo juu ya tokeni yana historia yake ya kisheria. Sheria ya Marekani ya 1862 ilikataza watu binafsi kutoa hati au tokeni za chini ya dola moja kwa nia ya kuzizungusha kama fedha. Lakini mwaka 1877 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Van Auken, iliamua kwamba hati ya senti 50 iliyotolewa na kampuni ya tanuri la chuma haikuvunja sheria hiyo, kwa sababu iliahidi kulipa bidhaa, si fedha. Ndiyo maana tokeni nyingi zinasema zinafaa kwa senti kadhaa “za bidhaa”, na nyingine zinaongeza kwamba haziwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine.

Wafanyakazi hawakukaa kimya. Chama cha wafanyakazi wa mbao kilichoanzishwa Louisiana mwaka 1910 kilidai, miongoni mwa mengine, mshahara ulipwe kwa fedha halali ya nchi, mara mbili kwa mwezi, na mtu awe huru kununua anakotaka. Tarehe 7 Julai 1912, huko Grabow, Louisiana, risasi zilifyatuliwa kwenye mkutano wa chama mbele ya kiwanda na watu wakafa. Kiongozi wa chama, A. L. Emerson, alishtakiwa pamoja na wenzake, na mahakama ya Lake Charles ikawaachia huru. Baadaye magari yaliwafikisha watu kwenye maduka ya mjini, na sheria ya viwango vya kazi ya 1938 ilipoweka kima cha chini cha mshahara, tokeni hazikukubaliwa kuwa malipo halali ya kima hicho.

Sasa kwa mkusanyaji. Tokeni husomwa kwa mambo matatu: jina la kampuni, mahali, na thamani. Thamani za kawaida ni senti 5, 10, 25, 50 na 100. Umbo si lazima liwe duara. Zipo zenye pembe nane, zenye kingo za mawimbi, na zilizotobolewa katikati, ili karani azitofautishe haraka na asizichanganye na sarafu za serikali. Wakati mwingine utaona pia alama ya mtengenezaji, kama Ingle System ya Dayton au Orco ya Cincinnati. Alama hiyo husaidia kukisia umri, lakini haimtambulishi mwenye duka, na wanaoanza hukosea hapo.

Kwa maoni yangu mahali ndipo penye uzito wote. Viwanda vya mbao vilihama: miti ikiisha, mitambo inang’olewa, nyumba zinabebwa kwa reli, na kijiji kinafutika kwenye ramani. Tokeni iliyotajwa kijiji na jimbo inaweza kuunganishwa na kituo cha posta, njia ya reli au orodha za zamani za wafanyabiashara. Isiyo na mahali inabaki ya kubahatisha, maana jina kama “Kampuni ya Mbao ya Mto” lingeweza kutumika katika majimbo matano.

Bei hufuata uhaba wa kampuni na kijiji, si madini, kwa hiyo alumini iliyochakaa inaweza kuishinda shaba inayong’aa. Usiisugue wala kuitia siki. Rangi ya uzee ikiondoka, bei nayo inashuka. Jihadhari pia na tokeni za kubuni zilizotengenezwa kwa ajili ya watalii: kingo kali mno, herufi za kisasa, na jina la kampuni lisiloonekana katika kumbukumbu yoyote ya kipindi hicho.