Acheni kuzima swapu kwa kisingizio cha kuokoa SSD

Mashine nyingi kuukuu zinazobadilishiwa diski na kuwekewa SSD (diski ya flashi isiyozunguka) hutoka mezani kwa fundi na dosari zilezile: pagefile.sys ya Windows imezimwa, swapu ya Linux imeondolewa (zote ni nafasi ya diski inayosaidia RAM inapojaa), hata huduma ya kutafuta faili imefungwa. Ukiuliza sababu, unajibiwa kwamba SSD huisha kwa kuandikwa. Ni kweli, huisha. Basi tupige hesabu.

Samsung 860 EVO ya GB 250 ina dhamana ya kuandikwa TB 150. Mtu anayeandika GB 20 kwa siku, na hizo ni nyingi kwa kazi za barua pepe, kivinjari na Excel, hufikisha TB 7.3 kwa mwaka. Hiyo ni miaka ishirini kabla ya kufika ukomo wa dhamana, na ukomo wa dhamana si siku ya kufa kwa diski. Asiyeamini aendeshe `smartctl -a`, amri inayoonyesha hali ya diski, na asome mwenyewe. Kwenye SSD za NVMe atazame Percentage Used, yaani asilimia ya uhai uliotumika. Kwenye nyingi za SATA, aina ya zamani zaidi, atazame Total_LBAs_Written, azidishe kwa 512 apate baiti.

Kinachoniudhi ni kwamba tiba hii inaumiza mashine zilezile zisizo na nguvu. Chukua yenye RAM ya GB 4. Linux ikikosa swapu haina pa kuhamishia data ya programu zilizolala, kwa hiyo hutupa kurasa za msimbo wa programu zinazofanya kazi, kisha huzisoma tena kutoka diskini, tena na tena. Mashine inaganda, taa ya diski haizimi, na mwishowe keneli (kiini cha mfumo endeshi) huua mchakato unaokula RAM kuliko yote. Mara nyingi ni kivinjari chenye kazi ya mtu ambayo haijahifadhiwa. Kwenye Windows ni vibaya kwa namna nyingine: programu huomba ahadi ya kumbukumbu kabla ya kuitumia, na bila pagefile ahadi zote lazima zitoshee ndani ya RAM. Ndiyo maana unapata ujumbe kwamba kumbukumbu imekwisha wakati Task Manager inaonyesha RAM bado ipo. Microsoft wenyewe walieleza mwaka 2009, walipokuwa wakiitayarisha Windows 7, kwamba pagefile husomwa mara 40 hivi kwa kila mara moja inayoandikwa. Kusoma hakuchoshi SSD, na kusoma vipande vidogo vilivyotawanyika ndiko SSD inakoiacha mbali diski ya kuzunguka.

Kwenye Windows acha ukubwa ujipange wenyewe. Kwenye Linux yenye RAM ya GB 4, weka faili la swapu la GB 4, na juu yake zram (swapu iliyobanwa ndani ya RAM) ya GB 2 yenye kipaumbele kikubwa zaidi, ili data ibanwe ndani ya RAM kwanza. Kushusha vm.swappiness, kipimo cha wepesi wa Linux kutumia swapu, kutoka 60 hadi 10 hakuokoi chochote cha maana.

Jambo la kuhangaikia ni TRIM, amri ya mfumo endeshi inayoiambia diski ni data ipi imefutwa. Bila hiyo, ukifuta faili mfumo endeshi hufuta kumbukumbu zake tu, na diski haijui kwamba data ile imekufa. Kwa kuwa bloku ya flashi lazima ifutwe nzima kabla ya kuandikwa upya, kidhibiti cha diski kisichopata TRIM huendelea kuhamisha mizoga kutoka bloku moja hadi nyingine, na huko ndiko maandishi ya bure yanakozaliwa.

Windows XP na Vista hazitumi TRIM, zisahau. XP ilikuwa pia ikianzisha kizigeu kwenye sekta ya 63, kwa hiyo nakala iliyohamishwa nzima kutoka diski ya enzi hizo huja na mpangilio usiolingana na bloku za SSD: fomati upya. Windows 7 hutuma TRIM faili linapofutwa. Kuanzia Windows 8 kuna pia mzunguko wa kila wiki unaotuma upya. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za Intel za kizazi cha nne hazimo katika orodha ya Windows 11. Hizo ningezipa Linux Mint ya Xfce au Debian bila kusita.

Kuhakiki kwenye Windows: `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Sifuri maana yake TRIM imewashwa, na wengi huisoma kinyume. Hata hivyo inathibitisha tu kwamba Windows inatuma. Kwenye Linux endesha `lsblk --discard`. Ukiona DISC-MAX ni sifuri, njia ya TRIM imezibwa mahali fulani. Wazibaji wa kawaida ni makasha ya USB, kadi za RAID (zinazounganisha diski kadhaa) na LUKS (usimbaji wa diski kwenye Linux). Kwa LUKS ongeza `discard` kwenye /etc/crypttab, kisha `update-initramfs -u` kwa Debian na jamaa zake, ukijua kwamba mwenye kuishika diski ataweza kuona ni bloku zipi tupu.

Kisha `sudo fstrim -av`, inayotuma TRIM kwa nafasi zote tupu. Ukiirudia papo hapo kwenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, utaona baiti sifuri, na ukiwasha mashine upya utaona namba kubwa tena. Si hitilafu. Ext4 hukumbuka ilichokwisha kutuma hadi inapotenganishwa (unmount) tu.

Kati ya TRIM ya papo hapo (kila faili linapofutwa) na ya ratiba, mafundi hatukubaliani. Nachagua ya ratiba, `systemctl enable --now fstrim.timer`, kwa sababu kuna diski ambazo firmwea zao (programu iliyo ndani ya diski) huishughulikia vibaya TRIM ya foleni, yaani inayopangwa foleni pamoja na amri nyingine, kiasi kwamba keneli ya Linux inabeba orodha ya modeli zilizonyimwa. Na baada ya TRIM kupita, usimwahidi mteja kwamba faili alizofuta zitarudi.

Kuhusu kupanga upya vipande vya faili, vitabu husema kamwe. Windows yenyewe huwa inafanya hivyo kwa SSD mara kwa mara pale System Restore ilipowashwa, na sina hakika kwamba ni kosa, maana NTFS, mfumo wa faili wa Windows, nayo ina kikomo cha vipande inavyoweza kufuatilia. Usiendeshe kwa mkono, wala usiizime ratiba.

Ushauri mmoja ni hatari kweli: kutia alama kisanduku cha pili chini ya Policies kwenye Device Manager, kile kinachotaja buffer flushing, au kuweka `barrier=0` kwenye fstab, faili la Linux linaloorodhesha diski za kupandisha. Hapo mfumo endeshi unaacha kuitaka diski ithibitishe kwamba data imefika kwenye flashi. SSD nyingi za kawaida hazina kapasita za kumalizia maandishi umeme ukikatika, na kompyuta mpakato yenye betri iliyokufa haina tofauti na ya mezani. Umeme ukienda katikati, jarida la mfumo wa faili linaweza kudai data imeandikwa ilhali haipo. Ukikuta kisanduku hicho kimetiwa alama, kiondoe kwanza, endesha `chkdsk C: /f`, ndipo urudishe pagefile.