Kolajeni haisomi kadi ya harusi

Juzi nimeupata tena ule ujumbe. Nasema "ule" kwa sababu huingia kila mwezi, kinachobadilika ni jina la mtumaji tu: "Shikamoo dokta, harusi yangu bado wiki sita, nina makovu ya chunusi mashavuni, naomba unifanyie pilingi, dermapeni na leza kwa pamoja ili yawahi kuisha." (Pilingi ni kumenya ngozi ya juu kwa asidi, dermapeni ni kalamu ya kuchoma sindano ndogondogo.) Chini ya ujumbe kuna picha ya uso, imepigwa kwa kamera ya mbele, ina filta. Filta imeshafuta kila kitu. Naombwa nitibu uso usio na tatizo.

Kabla ya harusi kuna sendofu, kabla ya sendofu kuna kichen pati, na kote huko kuna mpiga picha. Hilo nalielewa, hata mimi nimekaa kwenye kamati za harusi. Kinachonishinda ni ile hesabu: kwamba kama tiba moja inachukua miezi sita, basi tiba tatu siku moja zitachukua miwili. Ngozi si shamba, kwamba ukikodi matrekta matatu utawahi kumaliza kulima. Kovu halipungui siku unayotibiwa. Siku hiyo unajeruhiwa tu, kwa makusudi na kwa kipimo. Kupungua kunafanywa na mwili wako baadaye, taratibu, na mwili hausomi kadi ya mchango.

Niwatoe kwanza wasiopaswa kuwa kwenye foleni hii. Zima taa ya dari, washa tochi ya simu, ishike ubavuni mwa shavu ili mwanga upite kwa ulalo. Kisha fumba macho upitishe kidole. Kama hakuna kivuli na kidole hakihisi kitu, huna kovu, una doa. Doa ni melanini, ile rangi ya ngozi, iliyoachwa pale chunusi ilipowaka, na litafifia lenyewe: miezi kadhaa, lililozama chini hata mwaka na zaidi. Krimu ya adapalini usiku, ya asidi ya azelaiki, sanskrini ya kukinga jua asubuhi, basi. Na sanskrini iwe ile yenye rangi ya ngozi. Kwa weusi wetu si mionzi ya UV peke yake inayokoleza madoa, hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unakoleza, na kinachouzuia ni oksaidi za chuma zilizomo kwenye ile rangi. Nilisomea ngozi pale Moshi, ambako wanatengeneza sanskrini kwa ajili ya watu wenye ualbino, na ndiko nilikojifunza kuiita dawa badala ya kipodozi. Kulipia sindano kwa ajili ya doa ni kulipa ujeruhiwe kwa kitu ambacho kilikuwa kinaondoka.

Kama chunusi mpya bado zinatoka, tutibu chunusi. Kufukia mashimo huku mvua inaendelea kuchimba barabara ni kazi ya halmashauri, si yangu. Na kama unatumia mkorogo, sema. Sitakugombeza. (Nitakugombeza kidogo.) Ngozi iliyopakwa steroidi miaka miwili imekuwa nyembamba na inapona vibaya, sitaigusa kwa sindano mpaka itulie. Swali la mwisho la mlangoni: ulipotoboa masikio, yalikuwaje? Kama yaliota nyama, hadithi yetu inabadilika kabisa.

Sasa makovu yenyewe. Vuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili. Shimo likitandazika na kupotea, hilo ni bonde: kuna nyuzi chini zinazolivuta ndani, kama vifungo vinavyovuta kitambaa cha kochi la zamani. Lisipopotea na lina kingo zilizosimama, ni kisanduku. Likiwa jembamba na limezama kama limetobolewa kwa pini, ni kitundu. Uso mmoja huwa na yote matatu, ndiyo maana tiba moja haitoshi, na ndiyo maana sina ubishi na neno "mseto". Ubishi wangu uko kwenye tarehe.

Bonde hukatwa nyuzi. Naweka ganzi, naingiza sindano chini ya ngozi, naipeleka kushoto na kulia kama waipa ya gari, na nyuzi zinapokatika zinatoa sauti: krr, krr, kama mtu anachana gunia. Mgonjwa anaisikia ndani ya sikio, kwa hiyo nawatahadharisha mapema, asije mtu akadhani nimefika mfupani. Njia hii iliandikwa na akina Orentreich wa New York mwaka 1995, na mpaka leo sijaona mashine ya bei mbaya inayoishinda kwa mabonde. Kitundu hutiwa asidi kali ya TCA kwa ncha ya kijiti cha meno, tone moja ndani ya tundu moja. Kinageuka cheupe papo hapo, kinafanya kigaga, kigaga kinadondoka baada ya wiki hivi. Visanduku ni kazi ya sindano ndogondogo, yaani dermapeni, au leza ya kutoboa nukta.

Hapo ndipo mtu anasema: vizuri dokta, basi fanya vyote leo.

Ngozi ikishajeruhiwa ina siku chache za uvimbe na joto. Baada yake zinakuja wiki za kutandika kolajeni changa (kolajeni ni protini inayoishikilia ngozi), ile ya aina ya tatu, inayotandazwa haraka haraka kama jamvi la msibani. Halafu inafuata miezi, hata mwaka, ya kuibadilisha kidogo kidogo kuwa kolajeni ya aina ya kwanza, iliyo imara. Faida uliyoilipia iko zaidi kwenye hiyo hatua ya mwisho. Ukirudi wiki ya pili na jeraha jipya mahali palepale, hujaongeza kitu. Umelikuta zege bado bichi ukalikanyaga.

Kwa mzungu adhabu ya haraka hiyo mara nyingi ni wekundu unaokawia kuisha. Kwetu adhabu ni rangi. Chembe zetu za melanini hazisubiri maelezo: uvimbe ukikaa, zinamwaga wino. Na wekundu kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri, kwa hiyo mtu anajitazama kwenye kioo siku ya nne, anaona amepona, anakwenda kuongeza kingine. Mimi sitazami tu, naweka mgongo wa mkono shavuni. Likiwa bado na joto kuliko shingo, hatujamaliza.

Nilimpokea binti mmoja aliyefanyiwa pilingi Jumamosi, leza Jumatano, mahali ambapo sipataji. Mashavu yake yalikuwa na nukta nyeusi zilizojipanga mistari kwa mistari, kama wavu wa dirishani, umbo lilelile la kichwa cha mashine. Unaweza kuhesabu waliposimamisha mkono na walipoanza tena. Tulikaa miezi minane tunaondoa rangi kabla hatujagusa kovu hata moja. Harusi ilikuwa imeshapita, mimba ya kwanza imeshaingia, na tukasimamisha tena dawa nusu.

Lakini, na hapa ndipo wenzangu wa saluni hunikamata, si kweli kwamba tiba mbili siku moja ni mwiko. Nakata nyuzi na kupitisha sindano ndogondogo siku hiyohiyo, mara nyingi tu. Sababu ni kwamba jeraha moja liko chini kabisa na jingine liko juu, hayagombanii nafasi, na mgonjwa anauguza mara moja badala ya mara mbili. Kinachotakiwa ni mpangilio. Anza chini, malizia juu. Ukianza na sindano za juu, uso unavimba, unatoa damu, mabonde yanajaa maji na huyaoni tena, unabaki unakata kwa kukisia. Ndiyo maana hata kabla ya ganzi nachora kila bonde kwa kalamu mgonjwa akiwa amekaa wima. Akilala, nusu yake yanapotea.

Ninachokataa ni majeraha mawili ya juu kwa juu: pilingi na leza, leza na TCA. Wenzangu wanaotibu ngozi nyepesi wanafanya hivyo na wanafanikiwa, sawa. Pilingi nyepesi naiweka angalau wiki mbili mbali na sindano, krimu ya tretinoini inasimama siku chache kabla, sindano zinarudiwa baada ya wiki nne hadi sita, kukata nyuzi wiki sita hadi nane. Fila, ile sindano ya kujaza shimo, inakuja mwisho, baada ya vyote vyenye joto.

Nikiri sasa. Hizo "wiki nne" zimeandikwa kila mahali kana kwamba zilishuka na mlima. Ukiniuliza kwa nini nne na si kumi, nitakuambia ndipo uvimbe unapokuwa umetulia, na nitakuwa nimekwepa swali, maana nimetoka kusema kolajeni inafanya kazi kwa miezi. Nashuku mshahara wa mwisho wa mwezi umechangia kuliko biolojia. Nina wagonjwa waliopotea miezi mitatu kwa kukosa hela, wakarudi na ngozi nzuri kuliko wale waliohudhuria kwa nidhamu. Siku hizi naachia nafasi ndefu zaidi na sipati hasara ila ya mapato.

Kuna na lile la isotretinoini, vidonge vya chunusi kali. Tulifundishwa kusubiri miezi sita baada ya vidonge, kwa sababu ya ripoti za miaka ya 1980 za wagonjwa waliosuguliwa ngozi kwa mashine wakaota makovu mabaya. Mwaka 2017 wataalamu Marekani walipitia ushahidi, wakakuta kwamba kwa pilingi nyepesi na leza za nukta hakuna sababu ya kutosha ya kusubiri hivyo. Kusugua kwa mashine na leza ya kuchoma uso mzima bado ni hapana. Nimesoma, nimekubali, na bado mgonjwa mwenye historia ya kovu la kuota namsubirisha. Huo ni woga, nisiupambe.

Na plazima, yaani maji ya damu yako mwenyewe, ile ya kwenye picha za nyuso nyekundu nyekundu? Naitoa, wagonjwa wanaipenda, wanasema wamepoa upesi. Nikionyeshwa picha za miezi sita baadaye bila kuambiwa nani alipakwa, sidhani kama ningewatambua.

Tukiwa kwenye picha: ile ya "kabla na baada" iliyokupeleka huko ilipigwa siku ngapi baada ya sindano? Siku ya pili na ya tatu uso umejaa maji na mashimo yote yamejaa nayo. Unapendeza kwelikweli. Muuzaji anapiga picha, kwa taa ya mbele, wakati ile ya "kabla" ilipigwa kwa taa ya pembeni. Wiki ijayo maji yanakauka na shimo linarudi nyumbani kwake, wewe unadhani tiba imekataa na unaomba kali zaidi. Mimi napiga kwa taa ileile ya ubavuni, na ya kulinganisha naipiga miezi mitatu baada ya mara ya mwisho, kisha sita. Nikipata nusu ya kina imepungua, nafurahi. Anayekuahidi ngozi ya mtoto, muulize yake.

Kwa hiyo wa wiki sita namjibu nini? Sanskrini leo. Adapalini kama ngozi inaikubali. Pilingi nyepesi moja, isiisogelee siku kwa chini ya wiki tatu. Kama bonde moja linamkera sana, fila kidogo wiki ya nne kabla. Fedha iliyobaki ampe mpambaji mzuri. Sindano tuanze akitoka fungate.

Mwaka jana mmoja aliletwa na shangazi yake kutoka Tanga. Tuliandaana tangu miezi tisa kabla, kila kitu kwa tarehe, mwishoni nikafanya pilingi nyepesi ya kumalizia. Ndipo shangazi akauliza, siku gani singo ianze? Nilikuwa nimesahau singo. Liwa, karafuu, asumini, mawaridi, vyote vimesagwa, na mikono ya somo inayosugua mpaka taka zidondoke, juu ya ngozi iliyomenywa wiki hiyo. Nikasema singo ianzie shingoni kushuka chini, uso niachieni. Shangazi akanitazama kwa muda. "Huu uso nimeuogesha mimi kabla hujawa daktari." Nikamwambia najua shangazi, nakuomba siku kumi tu. Akakubali kumi, akakataa kumi na moja.

Binti akatoka kwenda kulipa. Shangazi akabaki, akafungua ushungi kidogo, akanionyesha shavu la kushoto: mashimo mawili ya tetekuwanga ya utotoni, mapana, yenye kingo. Nikayapitishia tochi kwa ulalo.

"Haya yatachukua muda gani?"

Nikamwambia mwaka, pengine na nusu yake.

"Mimi sina harusi," akasema. "Anza."