Je, wajua kwa nini Waingereza husema "fluorescent"?

Kizibao cha manjano cha mwendesha bodaboda, taa ya tyubu dukani na kalamu ya kupigia mstari kwenye vitabu: vyote hivi Waingereza huviita "fluorescent". Ni sifa ya kitu kinachong'aa kupita rangi ya kawaida. Ajabu ni kwamba mzizi wake hauhusiani na mwanga hata kidogo. Ni kitenzi cha Kilatini "fluere", yaani kutiririka.

Wayeyushaji madini wa Ulaya walitia jiwe fulani tanuruni ili takataka za madini zilainike na kutiririka upesi. Georgius Agricola, mtaalamu wa madini wa Ujerumani, aliandika kulihusu karne ya 16. Waingereza wakaliita "fluorspar". Ndilo lililochimbwa Kimwarer, katika Bonde la Kerio nchini Kenya. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alieleza kuwa vitu kama jiwe hilo humeza miale ya urujuanimno, tusiyoiona, kisha hutoa mwanga wa mawimbi marefu zaidi, tunaouona. Akaunda jina la tukio hilo kutokana na jina la jiwe. Hata hivyo, jiwe likiwa safi kabisa haling'ai. Mng'ao hutoka kwenye chembe za madini mengine zilizomo, hasa metali iitwayo europiamu. (Ukikumbuka "fluere" hutakosea tahajia: "u" hutangulia "o". Wengi huandika "flour", nao ni unga.)

Kwa hiyo tusichanganye mng'ao huu na kuakisi. Kizibao hung'aa mchana kwa sababu jua lina urujuanimno. Taa za magari karibu hazina, ndiyo maana kizibao hushonewa mistari ya fedha inayorudisha mwanga wa gari. Jua hilohilo huivunja rangi polepole, na kizibao kilichofubaa hakirudi kwa kufuliwa. Kibadilishwe.

Unaweza kujionea nyumbani. Mimina soda ya toniki yenye kwinini kwenye glasi, zima taa, imulike kwa tochi ya kukagulia noti: itang'aa buluu. Tochi ya nanomita 395 (kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga) hutoa zambarau nyingi inayoufunika mng'ao huo. Ya 365 ni bora, ila usiielekeze machoni. Sasa koroga kijiko cha chumvi. Buluu hufifia, kwa kuwa kloridi huinyang'anya kwinini nishati kabla haijatoka kama mwanga.