Isiyopungua, isiyozidi: dhana potofu kuhusu kutolingana katika aljebra

Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea urais awe ametimiza umri wa miaka 40. Mwenye 40 anaruhusiwa, mwenye 63 pia, mwenye 39 hapana. Kwa aljebra, umri ukiwa u, tunaandika u ≥ 40, yaani u ni 40 au zaidi; maandishi ya aina hii huitwa kutolingana. Mlinganyo wa kawaida hukupa namba. Kutolingana hukupa mpaka na kukuambia uko huru upande gani. Wanafunzi wengi wanajua kukokotoa bila kuliona hilo, na makosa yao mengi yanaanzia hapo.

"Neno likiwa na 'pungua', alama ni <." Hili ni kosa la lugha kabla ya kuwa la hesabu. "Mzigo usiopungua kilo 20" humfanya mwanafunzi aandike m < 20, kwa sababu jicho limeona "pungua" likaruka ukanushi. Usiopungua 20 ni 20 kwenda juu: m ≥ 20. Vivyo hivyo, mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa ni v ≤ 50. "Zaidi ya 20" inaiacha 20 nje, lakini "kuanzia 20" inaiingiza. Soma sentensi, kisha jaribu namba ya mpakani yenyewe: inaruhusiwa au hairuhusiwi?

"Ukiona hasi, geuza alama." Hapana. 2x < −6 inatoa x < −3, na alama haikuguswa, kwa sababu tumegawanya kwa 2, ambayo ni chanya. Alama hugeuka pale tu unapozidisha au kugawanya pande zote mbili kwa namba hasi: −2x < 6 inakuwa x > −3. Kujumlisha na kutoa hakugeuzi kitu.

Na kwa nini igeuke? Swali hili lina haki ya kujibiwa, maana kanuni iliyokaririwa bila sababu hupotea siku ya mtihani. Chukua 2 < 5. Aliye na shilingi 5,000 ana zaidi ya aliye na 2,000. Sasa zigeuze fedha hizo ziwe madeni: anayedaiwa 5,000 ndiye aliye chini, na anayedaiwa 2,000 yuko juu yake. Yaani −2 > −5. Kuzidisha kwa hasi kunaupindua mstari wa namba mzima kupitia sifuri. Wa kulia wanakuwa wa kushoto. Ndiyo sababu pia huwezi kugawanya kwa herufi usiyojua kama ni chanya au hasi.

"Ikiwa > paka juu, ikiwa < paka chini." Hapa tunazungumzia kupaka eneo la majibu kwenye grafu, na kanuni hii inafaa tu y ikiwa peke yake upande wa kushoto. Katika x − y > 2, jaribu nukta (0, 0): 0 > 2 si kweli, kwa hiyo eneo letu ni upande usio na (0, 0), ambao ni chini ya mstari wa x − y = 2. Mstari wenyewe huchorwa wa vitone, kwa sababu nukta zake hazimo. Angalia pia maelekezo: maswali mengine hutaka upake eneo lisilotakiwa.

"Haya ni ya mtihani tu; kazini, tengeneza chenye faida kubwa." Hapa ndipo ninapotamani kila mwanafunzi akae kidogo. Seremala ana mbao 24 na siku 12. Stuli hula ubao 1, meza mbao 3, na kila kimoja humchukua siku moja. Stuli humpa faida ya shilingi 5,000, meza 12,000. Idadi ya stuli ikiwa s na ya meza m, mipaka yake ni:

s + 3m ≤ 24
s + m ≤ 12
s ≥ 0, m ≥ 0

Akitengeneza meza tupu, mbao zinaisha kwenye meza ya 8: faida 96,000, na siku 4 zimebaki bila kazi. Stuli tupu 12 zinampa 60,000. Lakini mistari ya mbao na ya siku inakutana kwenye kona ya stuli 6 na meza 6, na hapo faida ni 30,000 + 72,000 = 102,000. Mbao zimeisha, siku zimeisha.

Mwaka 1939 Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Leningrad, alichapisha njia ya kutatua matatizo ya aina hii baada ya kuombwa ushauri na kiwanda cha plaiwudi. Mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani akabuni mbinu ya kupita kona hadi kona ya eneo linaloruhusiwa, ambayo kompyuta bado zinaitumia. Kantorovich alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975.

Na kona bora haikai milele. Meza ikianza kumpa seremala wetu 16,000, stuli 6 na meza 6 zinaleta 126,000, ilhali meza 8 peke yake zinaleta 128,000. Mipaka ni ileile, mbao ni zilezile, ila jibu limehama.